Sauti Inayomkumbusha Babu Gibbie

Langholm
Jumapili, 25 Septemba 1977

Kwako Babu Gibbie,

Huku tu wazima kiasi, na naomba barua hii ikukute umekauka, maana baba anasema huko kaskazini mvua haiji kutembea, huja kukaa. Baba bado yuko kiwandani, ingawa wiki hii mashine nne zimesimama na watu wananong'onezana langoni. Tib amezaa paka watatu ndani ya kapu la sufu. Mama aligomba sana, kisha akawapelekea maziwa. Mimi nimeingia kidato cha tatu. Mwalimu wetu Bi. Dunnet anatufundisha kwamba barua nzuri humaliza salamu kwanza, ili msomaji asiisome kwa pupa. Kwa hiyo Bi. Irving wa nyumba ya pili anakusalimu, na baba na mama wanakusalimu.

Bibi Mina naye anakusalimu. Alianguka mwezi wa saba, mara tu baada ya sikukuu ya farasi, na mkono wake umechoka. Ndiyo maana safari hii unaona mwandiko wangu badala ya wake. Anakula. Mchana anakaa kwenye kiti chake dirishani.

Jambo lenyewe ni kwamba naomba niwe nakuandikia kwa niaba ya dada yako. Tumesikia kuwa hii ndiyo safari yako ya mwisho ya jukwaani, na kwamba itaishia hapa hapa kwetu, kwenye ukumbi wa mji, tarehe kumi na nane Februari. Mama anasema ukiifikisha mwisho utaondoka jukwaani kwa miguu yako mwenyewe, lakini ukiishia njiani watasema umezeeka, na hakuna atakayekuita tena. Sijawahi kukuona jukwaani, ila kwenye televisheni tu. Natumaini sana ufike.

Mjukuu wako,
Rhona Beattie


Ullapool
7 Oktoba 1977

Rhona, mwandishi mkuu wa nyumba ya dada yangu,

Salamu zako zimefika zimepanga mstari kama wanafunzi, nikaogopa hata kukohoa mbele yao. Mimi sijambo. Magoti yananung'unika. Meno yapo, na baadhi ni yangu. Tuko wanne katika gari moja la mizigo: mimi, Lorne Geddes mwenye kikundi, ambaye huendesha kana kwamba barabara imemtukana mama yake, binti mmoja jina lake Ailie anayeigiza kama mkwe wangu, na fundi wa taa ambaye tangu Inverness sijamsikia akisema zaidi ya "ndiyo." Jukwaa letu limekunjwa juu ya paa la gari. Tunalala kwenye nyumba za watu.

Mama mwenye nyumba ya hapa amenitambua kwa ile tamthilia ya televisheni niliyokuwa daktari. Kabla sijamaliza uji wa shayiri, kaweka goti lake mezani.

"Daktari, hebu liangalie."

"Mama, mimi ni mwigizaji tu."

"Najua. Lakini miaka sita umetibu watu, hukujifunza hata kidogo?"

Nikaliangalia. Nikamwambia asipande ngazi. Ameniongezea yai.

Igizo linakwenda vizuri. Ni habari ya mchungaji wa kondoo wa bonde la Orra, mzee anayemngoja mwanawe arudi mwaka ambao theluji imeanguka Mei. Karibu maneno yote ni yangu. Jumanne tukiwa Lochinver nilikwama kidogo, mtu alipiga chafya. Ailie akaninong'oneza neno nikaendelea, na watu hawakujua. Ni kitu kidogo, wala sijui kwa nini nakiandika.

Mwambie Mina mkono wa kushoto nao huandika. Wakati wa vita alipovunjika wa kulia aliniandikia kwa huo, mwandiko kama kuku aliyekanyaga wino, nikausoma wote. Tena nilipiga simu kwa Bi. Irving, mama yako akaitwa, akaniambia, "Anakula." Nawe umeandika, "Anakula." Mmekubaliana?

Babu yako,
Gibbie


Langholm
Jumapili, 16 Oktoba 1977

Kwako Babu Gibbie,

Pole kwa magoti. Mama amecheka habari ya yai mpaka akaketi. Baba amepunguziwa siku moja ya kazi kila wiki, kwa hiyo Ijumaa anapaka rangi milango isiyohitaji rangi. Paka wawili wamepata kwao. Darasani tumeambiwa tusome igizo zima kwa sauti, kila mtu sehemu yake, nami nilipewa sehemu ya mlango kugongwa. Niliigonga vizuri.

Kuhusu Bibi, sisi tunasema anakula kwa sababu ni kweli anakula.

Sasa jambo lenyewe. Tangu kuanguka Bibi si msemaji sana. Lakini Jumanne ile uliyokuwa Lochinver, baada ya chakula cha jioni, nilikuwa nakunja nguo karibu naye, naye akasema neno moja, wazi kabisa, bila kugeuza kichwa. Alisema, "Zizi." Mama alitoka jikoni na sahani mkononi. Hatuna zizi hapa, wala hatujawahi kuwa nalo. Tulimwuliza anataka nini, lakini hakusema tena.

Tafadhali niambie Ailie alikunong'oneza neno gani. Na kama kuna kitabu cha hilo igizo kilichobaki, nakiomba. Bi. Dunnet anapenda tusome.

Rhona


Durness
31 Oktoba 1977

Mpendwa Rhona,

Tuko ukingoni kabisa mwa nchi. Upepo wa hapa unaingia mlango huu unatokea ule bila kubisha hodi. Jana tulicheza mbele ya watu wachache na mbwa mmoja, na mbwa ndiye aliyelia. Lorne ana mafua, Ailie amejifunza kupika viazi na nyama ya kusaga kwenye jiko la kambi, nasi tunajifunza kuvila.

Bi. Dunnet anapenda msome igizo, basi nami nikwambie jinsi nilivyojifunza mimi. Nilikuwa kijana wa kiwandani kama baba yako, na Mina alikuwa mrekebishaji. Unajua kazi ile: kitambaa kipya kinaletwa mezani, naye anakitafuta kwa vidole mpaka apate pale uzi ulipokatika, kisha anaurudisha kwa sindano hata mfumaji mwenyewe asijue palikuwa na tundu. Jioni alikuwa akileta kazi nyumbani, nami nikisimama jikoni na kumwaga maneno ya igizo langu la kwanza. Kitabu kilikuwa magotini mwake chini ya kitambaa. Nikisahau, alitamka neno moja, kwa sauti ndogo, bila kuinua uso. Neno moja tu. Wala hakulirudia.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kila sehemu ya jukwaani kabla ya hii. Nilipokuwa Perth, ambako tulicheza igizo jipya kila wiki, alikuja kwa treni kila Jumapili. Nilipokwenda London kwenye filamu alisema huko hanihitaji, na kweli. Kwenye filamu ukisahau, wanasema tu, "Tena." Nimenyongwa huko, nimezamishwa, nimepigwa pembe na fahali, na sikuhitaji kukumbuka zaidi ya mistari miwili kwa siku. Jukwaani hakuna tena. Ukinyamaza umenyamaza mbele za watu.

Kitabu nakitumia. Ni nakala yangu ya akiba.

Nimemwuliza Ailie. Anasema dakika ile alikuwa nje nyuma ya ukumbi akitafuta makaa ya jiko, na Lorne anathibitisha kwa kuwa alikuwa akimshikia tochi.

Neno lilikuwa "zizi."

Msalimie Mina. Msalimie kwa sauti, sikioni.

Gibbie


Langholm
Jumapili, 20 Novemba 1977

Kwako Babu Gibbie,

Asante kwa kitabu. Nimekifunika karatasi kisichafuke. Sisi tu wazima. Bi. Irving ameteleza mbele ya kanisa lakini ameangukia kofia yake. Mashine mbili zaidi zimesimama kiwandani, na baba sasa anapaka rangi hata banda la makaa.

Nilimsalimia Bibi sikioni kama ulivyosema. Alifumba macho.

Nimesubiri nipate la hakika kabla ya kukuandikia. Kila jioni, saa ambayo nyinyi mnaanza, Bibi anajiweka sawa kitini. Macho yanatazama dirishani, upande wa kaskazini, na midomo yake inaanza kwenda. Sauti haitoki. Mwanzoni nilidhani ni sala. Nilipopata kitabu chako niliketi naye nikafuata kwa kidole, na midomo yake inakwenda na maneno ya mchungaji, mstari kwa mstari. Pale anaposema mkwe, Bibi anatulia. Babu, kitabu hiki hakikuwahi kufika nyumbani kwetu kabla hujanitumia, nawe hukuwahi kumsomea. Igizo hili liliandikwa mwaka huu.

Tib hakai chumbani saa ile. Anasimama mlangoni, anatazama nafasi iliyo karibu na kiti, kisha anaondoka.

Ijumaa ya tarehe kumi na moja haikuwa hivyo. Bibi hakujiweka sawa, midomo haikwenda, akalala mapema kama mtoto. Je, Ijumaa ile mlicheza?

Niliwaeleza wazazi. Baba alisema, "Mama yangu amesikia Gibbie akisema mashairi tangu utotoni. Ni kumbukumbu tu inazunguka."

Mama akasema, "Kumbukumbu ya igizo la mwaka huu?"

"Basi mwite kasisi."

"Aje amfanye nini? Amkataze mtu kumsaidia ndugu yake?"

Baba akarudi kwenye rangi yake. Mama akanivuta kando akaniambia kuna jambo nisikuandikie, kwa sababu ukilijua utaacha igizo na kuja, na ukiacha hutapata kurudi tena. Nimetii. Lakini naona nikueleze kwamba jambo hilo lipo.

Rhona


Tongue
1 Desemba 1977

Rhona,

Salamu kwa wote. Baridi. Lorne amepona.

Ijumaa ile barabara ilizibwa na theluji, tukalala ndani ya gari kando ya njia. Hatukucheza.

Mwalimu wako atanisamehe, sitazunguka. Si chafya iliyonikwamisha Lochinver. Tangu kiangazi maneno yananihama. Siyasahau, maana ukisahau kitu unajua kilikuwa nini. Nayafuata mahali yalipokuwa yakikaa, nakuta nyumba tupu. Sijamwambia Lorne. Ana kijana mmoja Glasgow, atampaka unga kichwani awe mzee, na ameniambia waziwazi kwamba nikinyamaza mara moja mbele ya watu, kijana yule atapanda treni kesho yake. Kwa haki yake. Watu wametoka majumbani kwao kwenye baridi hii.

Lakini sinyamazi. Kila ninapokuta nyumba tupu, neno linakuja. Mwanzoni nilidhani ni Ailie kwa kuwa nilitaka iwe Ailie. Halitoki pembeni mwa jukwaa. Linatoka kushoto kwangu, karibu na kiwiko, usawa wa mtu aliyeketi. Nikitupa jicho naona sakafu tu. Harufu iko, ya sufu iliyolowa mafuta, kama jikoni kwetu zamani. Jana usiku lilitoka mara sita. Watazamaji walisema sijawahi kucheza vizuri hivyo.

Nina hofu, mjukuu wangu, na hofu yangu si ya sauti. Mtu anayetoa hawezi kutoa bila kupungukiwa. Mina ana hali gani? Sikuulizi kama anakula.

Gibbie


Langholm
Jumapili, 11 Desemba 1977

Kwako Babu Gibbie,

Sote tunakusalimu. Tumeanza kuchemsha pudini ya Krismasi kwenye kitambaa, na nyumba nzima ina mvuke. Baba amepata kazi ya muda kufagia theluji ya halmashauri, kwa hiyo anaitakia mvua mabaya.

Mama amenikataza kuandika jambo moja, nami sitaliandika. Hakunikataza kueleza siku yangu, kwa hiyo nitaeleza siku yangu. Asubuhi kabla ya shule nampa Bibi uji kwa kijiko, upande wa kushoto wa mdomo, kwa sababu upande ule ndio unaomeza. Kisha namfuta. Mimi na mama tunamgeuza, na mama anahesabu "moja, mbili" ili tuvute pamoja. Nikitoka shule namsomea gazeti. Namwuliza kama anataka dirisha lifunguliwe, kisha naamua mwenyewe. Lile neno la Oktoba ndilo pekee nililolisikia kwake tangu mwezi wa saba. Hiyo ndiyo siku yangu.

Uliuliza kama anapungukiwa. Sijui kujibu. Nakuambia ninachokiona. Jioni akimaliza, mikono yake inakuwa baridi hata karibu na moto, na siku hizi midomo inachelewa kidogo nyuma ya kidole changu. Juzi nilijaribu kumgeuzia kiti kitazame ukutani, apumzike. Alinitazama. Babu, sijawahi kutazamwa hivyo na mtu ninayempenda. Nikamrudisha haraka.

Nafikiri anataka ufike Langholm kuliko anavyotaka kupumzika. Nami nataka vyote viwili, na najua haiwezekani kuandika hivyo bila kuonekana mtoto.

Rhona


Golspie
5 Januari 1978

Mpendwa Rhona,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa waliomo. Sisi tuliufungua kwa wimbo, na fundi wa taa akaimba, ana sauti kama malaika na sasa hatumnyamazishi. Shukrani kwa soksi mlizonitumia Krismasi. Mwambie mama yako zimenienea.

Nimeisoma siku yako mara nyingi. Umemtii mama yako, nami nimeelewa kila kitu, na hakuna aliyekosa.

Nilifunga mkoba Jumatatu. Nilifika mpaka stesheni. Nitakwambia kilichonirudisha, ucheke ukipenda. Baba yetu alipofariki, mimi nilikuwa Perth na igizo lilibaki siku tatu. Mina alinipigia simu kutoka ofisi ya posta. Nikamwambia, "Nakuja usiku huu." Akasema, "Unakuja kumfanyia nini? Amekwisha kukaa kimya, nawe uwanyamazie watu mia mbili? Maliza kwanza, ndipo uje." Niliudhika naye mwaka mzima. Kwenye benchi la stesheni, mchana kweupe, watu wanakula mikate yao, nilisikia maneno yale tena, kushoto kwangu, usawa wa mtu aliyeketi. Benchi lilikuwa tupu.

Nikarudi. Jioni nikacheza. Neno lilikuja, lakini kwa mbali, na lilipofika lilikuwa baridi, sijui neno linakuwaje baridi.

Tunakwenda Wick, halafu tunaanza kushuka kusini. Mwambie Mina niko njiani. Mwambie najitahidi kumhitaji kidogo. Nafanya mazoezi kila asubuhi garini mpaka Lorne ananitishia kunishusha.

Gibbie


Wick
2 Februari 1978

Rhona,

Salamu zingoje.

Sijui barua hii itatoka lini. Tangu Jumamosi theluji imetufungia. Treni imefukiwa, barabara hakuna, nguzo za simu zimelala, na hakuna telegramu inayoingia wala kutoka. Watu waliokwama wamelazwa kwenye ukumbi huu wetu, na kwa kuwa hakuna lingine la kufanya, Jumatatu tuliwachezea, kwa taa za mafuta.

Mina amefariki, sivyo? Msisumbuke kutafuta namna ya kuniambia. Nadhani ilikuwa Jumapili.

Nitakueleza nimejuaje. Kuna mahali karibu na mwisho ambapo mchungaji anasikia kitu nje, anautazama mlango, na hasemi. Kitabuni utaona limeandikwa neno moja tu, "Kimya." Ni kimya kirefu. Nimekijenga miezi mitano. Watu huacha hata kutafuna. Jumatatu nilikuwa katikati yake, sijapotea, najua kabisa maneno yanayofuata, na sauti ikaja kushoto kwangu ikanipa mstari. Mstari ulikuwa sahihi. Lakini ulikatiza kimya changu.

Miaka hamsini Mina hajawahi kufanya hivyo. Alikuwa akijua tofauti ya mtu aliyepotea na mtu aliyenyamaza kwa makusudi, hata akiwa ameinamia kitambaa. Mtu mwingine yeyote angekosea, naye asingekosea. Kisha nikasikia kwamba sauti ni changa, inasoma vizuri, inatulia kwenye kila mkato, kama mtu aliyefundishwa na mwalimu mwenye bidii.

Nilisimama pale nikajua mambo mawili kwa pamoja. Nilimaliza. Mina angetaka nimalize. Nikaenda nyuma, nikakaa juu ya sanduku la taa, na Ailie akanishika mkono bila kuuliza.

Sikugombezi. Nakufundisha, kwa kuwa hakuna mwingine wa kukufundisha. Usifuate kitabu, fuata pumzi. Mwigizaji akinyamaza kwa kutaka, anavuta pumzi polepole kwa pua, anaishika, na utaisikia imejaa. Hapo funga mdomo wako hata dunia ikiisha. Aliyepotea, pumzi yake inakatika juu, fupi, na hairudi. Hapo toa neno moja. La kwanza tu. Usilirudie.

Kama hutaki, funga kitabu na ulale, nami sitakulaumu hata siku moja. Wewe ni mtoto, na hii si kazi niliyokuomba.

Gibbie


Langholm
8 Februari 1978

Kwako Babu Gibbie,

Pole, babu. Pole sana. Barua yako imefika juzi, na leo tumesikia telegramu ya baba nayo imekufikia. Alikwenda posta kila siku, na kila siku walimwambia njia ya Wick imekatika.

Ndiyo, ilikuwa Jumapili, asubuhi, watu wakienda kanisani. Alikuwa ameshika kidole changu kimoja. Tulimzika siku ile ile uliyoandika. Wanawake wa chumba cha urekebishaji walikuja wote, hata wazee, na mmoja alipitisha kidole kwenye kitambaa cha jeneza, akasema hakina kasoro.

Nitakueleza Jumatatu. Jeneza lilikuwa sebuleni, na kiti cha Bibi kilikuwa kimetazama kaskazini kama siku zote. Saa ilipofika niliona siwezi kuvumilia kiti kile kikiwa kitupu huku nikijua uko jukwaani. Nikakaa, nikafungua kitabu, nikaanza kutamka. Sikusikia kitu. Nilifuata kwa kukisia tu, na nilipofika kwenye "Kimya" nikaogopa kwamba umepotea, nikausoma mstari kwa sauti. Nisamehe.

Mama alinikuta.

"Unafanya nini hapo, Rhona?"

"Namsaidia babu."

"Babu yako yuko Wick, ndani ya theluji."

"Najua, mama."

Nilidhani ataninyang'anya kitabu. Alivuta stuli, akaketi upande wa pili wa jeneza, akaniangazia taa. Jioni zilizofuata hakuuliza tena.

Sitaki kufunga kitabu na kulala. Nimefikiri vizuri kabla ya kuandika hivyo. Na tarehe kumi na nane naomba Bwana Geddes asiniwekee nafasi viti vya mbele. Aniwekee kiti pembeni, upande wako wa kushoto, mahali watu hawaoni. Mama amekubali. Amesema nivae kitu chenye joto.

Jana, Jumanne, nilifanya kama ulivyonifundisha. Niliweka kitabu magotini, nikaacha kukitazama. Mwanzoni nilisikia saa ya ukutani na makaa yakijipanga. Tib alikuja mlangoni, akatazama nafasi iliyo karibu nami. Safari hii hakuondoka. Alijilaza.

Kisha nikasikia pumzi. Haikuwa ya mama, maana yeye alikuwa jikoni, wala haikuwa yangu, kwa sababu nilikuwa nimeizuia yangu. Ilitoka juu kidogo ya bega langu la kulia, kama ya mtu aliyesimama. Ilivutwa polepole kwa pua, ikajaa, ikakaa. Nilijua umefika pale mchungaji anapoutazama mlango. Nilifunga mdomo. Kimya kilikuwa kirefu kuliko nilivyowaza, nikaogopa, nikauma mdomo, sikusema. Pumzi ikatoka yenyewe, nikajua umeusema mstari wako bila msaada wa mtu.

Ukurasa wa mwisho, pale anapowaita kondoo kwa majina, ilikatika juu, fupi, na haikurudi. Nilisikia chumba kizima kinangoja, chumba ambacho si hiki chetu, chenye watu wengi wenye makoti yaliyolowa.

Nikasema neno moja, kwa sauti ndogo. Sikulirudia. Ukaendelea.

Mjukuu wako,
Rhona